Skurubu za Dingi

...na usivute pumzi kubwa, anasema, usitikisike, Lovis, huyo ni Dörte, dada wa mashine ya picha, anaongea kwenye spika ya ukutani, mimi nimelala kifudifudi kwenye godoro la vishanga, wamelinyonya hewa mpaka limekuwa gumu kama zege, limenibana mbavu, nitikisike niende wapi, na nyuma ya kioo dingi yupo, najua, amekuja Heidelberg na koti la kanisani, sijui anadhani atakutana na askofu, ...kwetu Tuttlingen kila nyumba ina mtu anayechonga vifaa vya madaktari, huyu mikasi, yule koleo, dingi skurubu za titani, na nilipokatwa uvimbe wa uti wa mgongo, kabla ya kanivali, zile sherehe za kabla ya Kwaresima, daktari wa pale akauliza mgongo tuukaze kwa skurubu zipi, dingi akasema, za karakana yetu, mwanangu hatembei na za watu, wakacheka, tena wakagongana mabega, mimi nimelazwa pale sijaulizwa... kumbe kipande cha uvimbe kimebaki, kimeng'ang'ania pale ambapo kisu kikipita miguu ndiyo basi, hicho kinapigwa mionzi ya chembe, chembe zinaingia zinasimama palepale zilipoambiwa, haziendi kuunguza utumbo, poa, lakini lazima wajue zisimame wapi, na kwenye picha skurubu za dingi zinawaka kama taa za lori usoni, nyuma yake huoni kitu, ndipo Daktari Harmsen wa hapa ananiambia, tukufungue tena, titani itoke, ziingie za kaboni, picha isomeke, la sivyo tunapiga kwa kubahatisha, una miaka kumi na nane, jibu ni lako, nikasema nitakujibu nikitoka humu, na jibu ninalo, hapana, mimi si kopo la dagaa, bakini na kaboni zenu, na dingi anitazame ninavyokwisha, anitazame vizuri... wamesahau kuzima spika, namsikia, "Dada, chuma chetu hakina kosa, hakizidi kipimo hata unywele," na Dörte, "Mzee, nani kasema kina kosa," "Sasa mnakitoa cha nini," "Kinatuziba tusione," halafu sauti ya dingi ambayo sijawahi kuisikia nyumbani, nyembamba, "Mkizitoa nipeni mimi, nikazitupe mwenyewe," azitupe, eti azitupe, zimelala kwenye nyama yangu yeye azitupe tu yaishe, thubutu, hizo zangu, zitakaa mezani jioni, katikati ya mkate na jibini na matango ya siki, kila jioni, nione siagi ataipakaje, nione atatazama wapi, na mimi nimekaa mbele yake, nimekaa wima, mgongo huu huu, sasa ili nimkalie mbele si lazima niwepo, lazima niwepo miaka, mpaka azeeke, mpaka siku moja aniulize mwenyewe, wewe ulitaka zipi, basi Harmsen fungua, toa, weka za kaboni, piga, lakini skurubu nipe mimi mkononi, "Lovis, umetikisika?" sijatikisika, dada, endelea, sijatikisika hata kidogo...