Mota ya Bwana Lawama

Tangu mkewe afariki, Bwana Lawama hakuwa na mtu wa kumshikia spana upande wa pili, na kosa hilo alikuwa akiwatupia hospitali, serikali na chama cha wavuvi, kwa zamu. Kwa hiyo mota ndogo ya betri aliyogawiwa na chama aliifunga kwenye boti peke yake, spana moja mkononi, nyingine ameibana kwa goti, akinung'unika mpaka kuku wakahama uani.

Hofu yake ilikuwa na sababu. Bega lake lilishakataa kupiga kasia. Bila mota, binti yake angemchukua akakae mjini, kwenye kochi, mbele ya tamthilia. Na mota ya mvuvi mmoja ilipong'oka na kuzama bwawani, mwenyekiti wa chama alitangaza kwamba zote zitakaguliwa, na itakayotikisika itarudi stoo.

"Wanafunga wao kwa misumari ya viatu, halafu wanatukagua sisi," alimwambia shemeji yake, kaka wa marehemu, fundi seremala aliyekuja kuchungulia.

Shemeji akainama. Ubao wa nyuma wa boti ulikuwa umeongezewa ubao mwingine mgumu kwa ndani. Bolti zimepenya mbao zote mbili, zikawekwa washa pana na nati, kisha ncha zake zikagongwa nyundo mpaka zikafura kama uyoga.

"Sasa hii utaifunguaje?"

"Niifungue ya nini? Hii nimeoa, shemeji, sikuazima."

"Na hii pete ya chuma mbona umeikaza hivi? Hapa ndipo mota inapogeukia. Iache icheze."

"Ya mwenzangu ilicheza. Iko chini ya bwawa."

"Nisikilize, shemeji."

"Nimesikiliza watu maisha yangu yote. Ona nilipo."

Siku ya ukaguzi mwenyekiti alikuja na tai na viatu vya kung'aa. Kutazama hakukumtosha, akataka kuendesha mwenyewe apigwe picha. Bwana Lawama akaketi mbele, mikono kifuani.

Boti ikaondoka vizuri. Ikakata kushoto. Ikaendelea kukata kushoto. Ikapita karibu na watu ukingoni, mwenyekiti akapunga mkono. Iliporudi tena alipunga kidogo tu. Iliporudi tena alikuwa ameng'ang'ania usukani kama anayekama ng'ombe mkorofi.

"Mzee, hii inakwenda wapi?"

"Usukani unao wewe, mwenyekiti. Sisi tumeshazoea kuzungushwa."

Ukingoni mtu mmoja akauliza kama kampeni zimeanza.

Mwenyekiti akazima mota katikati ya bwawa. Kasia lilikuwepo, lakini bega la Bwana Lawama lilijulikana na kila mtu. Basi mwenyekiti akapiga kasia, tai imehamia mgongoni, jasho likimtiririka.

"Fungueni hiyo mota, irudi stoo," alisema alipokanyaga nchi kavu.

Mtunza stoo akaleta spana. Ikazungusha nati kidogo, ikagota kwenye zile ncha. Akaleta kubwa zaidi, mambo yakawa yale yale. Mwenyekiti akaishika mota kwa mikono miwili na kuivuta. Boti nzima ikatikisika, mota wala.

"Leteni msumeno, tukate ubao."

"Ubao ni wake," shemeji akasema taratibu. "Chama kilitoa mota tu. Na ulisema itakayotikisika, mwenyekiti. Wote tumeona."

Watu wakaitikia. Mwenyekiti akatazama viatu vyake vilivyojaa maji, akasema imepita, akaondoka akikamua tai.

Walipobaki wawili, shemeji akaingia botini na spana ndogo.

"Tulegeze pete tu. Shika upande huo."

Bwana Lawama akaduwaa kidogo. Maneno hayo, miaka yote, alikuwa akiyasema yeye, akimwambia mkewe. Akashika. Pete ikalegea, mota ikageuka kulia bila kinyongo.

"Wangesema mapema kwamba lazima igeuke," akanung'unika.

"Si nilikwambia?"

"Wewe si chama." Akajikohoza. "Kaza kidogo hapo, shemeji. Nimeshika."