Saba Iliyobaki

Mwalimu alirudisha karatasi za jaribio, na kila moja ilikuwa na alama zake kwa kalamu nyekundu, isipokuwa mbili. Moja ilikuwa ya Shangazi. Palipopaswa kuwa na alama paliandikwa: "Baki baada ya kipindi." Ya pili ilikuwa ya jirani yake wa dawati, fundi simu ambaye darasa zima lilimwita Chaji, kwa kuwa kila alipoingia alitafuta soketi kabla ya kutafuta kiti.

Shangazi aliifunika karatasi yake kwa kiganja.

Jina la Shangazi alipewa wiki ya kwanza. Wanafunzi wa jioni walikuwa wa kila aina, lakini hakuna aliyeukaribia umri wake, na mwalimu mwenyewe angeweza kuwa mwanawe. Siku walipokutana mlangoni, yeye alikuwa akitafuta namna ya kumsalimu kwa heshima ya ualimu, mwalimu akamuwahi kwa shikamoo. Wakabaki kucheka wote wawili, na tangu hapo hata mwalimu alimwita Shangazi.

Mchana alifanya kazi hospitali, kwenye chumba cha kutakasia vifaa vya upasuaji kwa mvuke. Miaka yote alipakia mashine ile na kuipakua, na ilipogoma alisimama pembeni, mikono nyuma, akimngoja fundi. Mwaka huu mkuu wa karakana ya hospitali alimwita akamwambia kwamba kuna nafasi moja ya mafunzo ya ufundi wa mashine, na angependa aichukue yeye, mradi afaulu kwanza kalkulasi ya mwanzo, zile hesabu za mabadiliko. Shangazi alitoka pale akaenda stoo, akapiga magoti katikati ya maboksi ya glavu, akashukuru. Kisha akaanza kuogopa, na hakuwa ameacha kuogopa tangu siku hiyo.

Sasa hofu ilikuwa na sura. Kanuni ya chuo ilibandikwa mlangoni: anayekamatwa kwa udanganyifu hufutwa kwenye somo. Kufutwa somo ni kufutwa nafasi. Lakini yeye hakuwa amedanganya. Aliinua kiganja kidogo, akapekua jibu moja baada ya jingine. Vema, vema, vema. Swali la nne ndilo lililozungushiwa duara. Alitakiwa kuonyesha jinsi kitu kinavyobadilika, na ndani ya hesabu ile kulikuwa na saba iliyokaa peke yake mwishoni. Kila kingine alikishughulikia sawasawa. Ile saba aliiacha palepale.

Mwalimu alikuwa akieleza ubaoni, na Shangazi hakusikia hata neno. Chaji ndiye aliyeinama kana kwamba anaokota kalamu.

"Shangazi, tumekwisha. Saba yako na mimi ninayo."

Shangazi aliuliza ameipata wapi.

"Kwako. Wewe unasali kwa sauti."

Alitaka kucheka, lakini uso wa Chaji haukuwa na mzaha. Akamweleza taratibu: siku ya jaribio alikwama, na pembeni yake sauti ikawa inasema, Baba nishike, tatu ishuke chini, izidishwe na tano, kumi na tano, asante Baba. Ya kwanza aliisikia bila kutaka. Zilizofuata alizitegea sikio.

"Mimi nanong'ona," alisema Shangazi.

"Hapana, Shangazi. Wewe unadhani unanong'ona."

Shangazi alikuwa akisali hivyo tangu utotoni, jikoni, kazini, njiani. Kila asubuhi alikaa ukingoni mwa kitanda akimweleza Mungu habari za nyumba yake, mumewe akiwa amelala nyuma yake. Mwezi uliopita aliomba apate uvumilivu juu ya kitasa cha bafuni kilicholegea, na jioni alikuta kimekazwa. Aliwasimulia wenzake kazini kama muujiza. Alipokumbuka mambo mengine aliyowahi kumwambia Mungu kuhusu mumewe huyo, alitamani sakafu impokee.

Chaji alikuwa bado anasihi. Waseme hawajui lolote. Makosa yanaweza kufanana, darasa lina watu wengi. Nyumbani kwao wamemsubiri sana afanye jambo moja alimalize, na hili ndilo alilowaahidi. Shangazi alipima pande zote mbili. Akikana, ni uongo, naye angeubeba mbele za Mungu kila asubuhi. Akisema kweli, atamzamisha kijana wa watu, na huenda na yeye mwenyewe asiaminiwe. Nani atakubali kwamba majibu yalitoka kwa sala?

Kengele ililia. Wengine walitoka wakiwatupia jicho la pembeni. Mwalimu alifuta ubao polepole, akaja akasimama mbele ya dawati lao na karatasi zote mbili mkononi.

"Darasa zima, saba hii imebaki kwenye karatasi mbili tu," alisema. "Na zote mbili zilikaa hapa."

Chaji aliangalia viatu vyake. Shangazi aliinua uso.

"Mimi husali nikifanya hesabu, mwalimu. Leo ndiyo nimejua kwamba nasikika. Kama kuna kitu kilitoka kwangu kikaenda kwake, kilianzia mdomoni mwangu."

Mwalimu hakukasirika, na hilo lilimtisha Shangazi zaidi. Kisha alimwambia Chaji ainuke, akakaa yeye kwenye kiti chake, akaandika hesabu mpya kwenye karatasi tupu, akaisukuma mbele ya Shangazi.

"Fanya kama ulivyofanya siku ile. Sala na yote. Mimi nitasikiliza."

Kuomba kwa kuamriwa ni kazi ngumu. Kwa mara ya kwanza maishani aliisikia sauti yake mwenyewe ikitoka, na akaionea haya. Akajikaza. Akafumba macho, akafumbua.

"Baba, nishike mkono. Mbili ishuke, izidishwe na nne, ni nane. Asante. Kipeo kipungue moja. Hapa ni tisa tu, x imeondoka. Asante, Baba. Mkumbuke na mwalimu huyu, amesimama tangu mchana, na mshono wa shati lake umefumuka begani na hana wa kumwambia."

Mkono wa mwalimu ulipanda begani wenyewe. Chaji, aliyesimama karibu na dirisha, aligeuka upande.

Shangazi hakuona. Alikuwa amefika kwenye sita, iliyokaa peke yake mwishoni, na kalamu ikasimama.

"Na hii nayo, Baba. Mwalimu alisema kisichobadilika kiandikwe sifuri. Lakini wewe ndiwe usiyebadilika. Nitakiitaje sifuri kitu kilichosimama imara? Mkono unagoma."

Kumbe ndiyo sababu ya ile saba kubaki. Mwalimu alipojibu, sauti yake ilikuwa ndogo, kama mtu aliyeingia mahali pasipo pake.

"Hesabu hii haiulizi sita ina thamani gani. Inauliza imesogea kiasi gani. Haikusogea. Sita yenyewe ipo palepale."

Shangazi aliitazama ile sita.

"Asante, Baba," alisema, akaikata na kuandika sifuri.

Mwalimu hakujua aliyeshukuriwa ni nani, na hakuuliza.

Chaji akasogea dawatini. Alisema alisikiliza kwa makusudi, kuanzia swali la pili, na Shangazi hana hili wala lile. Alilisema haraka, macho chini. Mwalimu akachukua kalamu nyekundu. Karatasi ya Chaji aliikunja akaitia mfukoni: Jumatatu angefanya jaribio jingine, mbele kabisa, peke yake, na akirudia tena jina lake litaenda ofisini. Kwenye ya Shangazi aliandika alama chini ya lile duara. Alikuwa amefaulu.

"Siku ya mtihani wa mwisho utakaa safu ya nyuma, kwenye kona, Shangazi," alisema. "Na usali. Ila unong'one kweli."

Chaji alimbebea mkoba mpaka getini. Pale getini alimwomba, kama hatojali, amtaje kwenye sala kwa ajili ya Jumatatu. Shangazi alimwambia atamtaja, lakini asome.

Nyumbani mumewe alikuwa ameshapasha chakula. Ukumbi ulikuwa giza; taa yake iliungua zamani, na kila mmoja alikuwa akimngoja mwenzake aibadilishe. Walikaa mezani jikoni, Shangazi akainamisha kichwa. Alishukuru kwa karatasi. Alimtaja Chaji. Aliutaja mtihani wa mwisho, na hofu ikamrudia alipoutaja, akaikabidhi yote kama ilivyo. Kisha akasita.

"Na taa ya ukumbini, Baba," alinong'ona, kwa ule unong'ono wake, "naiacha mikononi mwa mtu unayemjua."

Kijiko cha mumewe kiligota kwenye sahani.

"Amina," alisema, akainuka kutafuta kiti cha kupandia.