Machela ya Mtemi Nhembo

"Mzee Zefania, mkifika penye jiwe jeupe mnamweka chini," Benson, mkuu wa wapiga sinema, alisema kwa mara ya tatu. "Taratibu tu. Halafu Mtemi anainuka mwenyewe."

"Nimekusikia," Zefania alijibu, na mti wa machela haukutoka begani kwake.

Mara mbili walikuwa wamefika penye lile jiwe, na mara mbili Zefania alisimama wima kama nguzo ya stesheni. Machela ya watu wanne haishushwi na watatu. Kwa hiyo Fabiano, kijana wa Dar es Salaam aliyeigiza kama Mtemi Nhembo, alibaki hewani na damu yake ya rangi nyongani, akisubiri kuwa shujaa. Melkizedeki, aliyeshika mti wa kushoto, alitazama pembeni akijifanya kukohoa. Wafugaji wawili walioshika nyuma waliulizana kwa Kigogo kama kazi imekwisha au bado.

Wapiga sinema walikuwa na siku ya tisa pale Chilungulu, kijiji cha saa mbili kwa miguu kutoka Kintinku. Walikuja na malori, na mwamvuli mkubwa kama paa la jiko, na hadithi ya Mtemi aliyewapiga Wajerumani bondeni, akapigwa risasi ya nyonga, akapanda mlima. Walikuja pia na machela yao, ya kamba za nailoni zilizopakwa rangi ya kahawia ili zionekane za zamani. Zefania aliitazama, akacheka kwa pua. Yeye ni fundi wa kuwamba vitanda, miaka thelathini na saba sasa. Darasa la tatu ndilo lililomshinda, lakini kamba haijawahi kumshinda. Aliifumua ile nailoni mchana mmoja, akasokota kamba za gome la mbuyu juu ya paja, akaiwamba upya, akivuta kila uzi mpaka ukalia alipoudonoa kwa kidole. Ndipo wakampa kazi ya kubeba, kwa kuwa alijua machela inavyokwenda.

Na machela inakwenda kwa sheria moja. Mgonjwa akishainuliwa mlangoni kwake, hawekwi chini mpaka mlango wa anakokwenda. Anayechoka hubadilishwa akitembea, mwenzake anaingiza bega chini ya mti bila kusimama. Watu wa Chilungulu hawaielezi sheria hiyo. Wanasema tu kwamba ardhi haina haraka, lakini ukiionjesha mtu haisahau.

Jana yake, wakati wa kula, Zefania alikuwa amemfuata Benson akamuuliza wale wanne wanakwenda wapi Mtemi akishasimama. Benson hakuwa mtu mbaya, alimwamkia shikamoo kila asubuhi na kumwita mzee wangu. Akafungua makaratasi yake, akamwonyesha. Zefania alifuatisha mistari kwa kidole, polepole, akakuta Mtemi anapanda mlima peke yake, jua usoni, mkuki mkononi. Wanne wale walikuwa wamebaki chini penye jiwe. Majina yao yalikuwa Mbebaji wa Kwanza, wa Pili, wa Tatu na wa Nne.

"Mtu wa risasi ya nyonga hapandi mlima," Zefania alisema. "Wazee walituambia Mtemi alifika juu akiwa hai. Hawakutuambia alifika kwa miguu."

Benson alimweleza kwa upole kwamba mtazamaji anahitaji mtu mmoja wa kumpenda, na shujaa lazima asimame kwa miguu yake. "Shujaa akilala sinema nzima, mzee wangu, nani atamtazama?"

Melkizedeki, aliyekuwa akilamba vidole, alidakia kwamba sinema imefanana na siasa, anayebebwa ndiye anayewapungia watu mkono. Watu walicheka sana. Huyu Melkizedeki ndiye aliyesikia "Kata!" siku ya kwanza akajibu kwa adabu zote "Chilungulu", akidhani anaulizwa kata anayotoka. Zefania hakucheka siku ile, na hakucheka jana. Neno kata kwake lilikuwa na gari ndani yake.

Gari la wagonjwa la kata. Masika ya mwaka juzi Asnath, mkewe, alivimba tumbo likawa gumu kama kibuyu, na njia ya kwenda lami ilikuwa matope matupu. Zefania alimlaza juu ya kitanda alichokiwamba mwenyewe, wakamwinua watu wanne. Walikuwa wamefika kwenye kalavati, nusu ya safari, simu ikalia. Ni Gervas, mtendaji. Akasema gari liko njiani, wasihangaike, wamweke tu hapo walipo, linawakuta. Wakaweka. Mvua ikapita, jua likatoka, ng'ombe wakarudi zizini. Gari lilifika kesho yake asubuhi, dereva akauliza mgonjwa yuko wapi.

Tangu hapo Zefania hakumwamini mwenye muhuri. Kwenye mikutano alikaa nyuma akisema kwa sauti ya kusikika yale ambayo wengine waliyasema nyumbani kwao. Gervas, kila alipopewa nafasi, alijibu kwamba ya Mungu ni mengi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Sasa Gervas aliinuka kwenye kiti chake cha plastiki chini ya mwamvuli, soda mkononi. Benson alikuwa ameshasema kwamba jua linashuka, na kwamba kama Mzee hawezi, atafutwe mwingine wa kushika mti ule. Ndilo lililomtoa Gervas kivulini. Alikuja mpaka karibu, akainamisha kichwa kama mtu anayebembeleza mbuzi.

"Mzee Zefania, usituaibishe mbele ya wageni. Weka tu. Ni maigizo."

"Mara ya mwisho uliniambia niweke," Zefania alisema, "niliweka."

Hata yule mshika kamera aliinua uso. Gervas aliunyanyua mkono wenye soda, akaushusha, akarudi kivulini bila kuketi.

Zefania angetosheka na hapo. Miaka miwili alikuwa akiitafuta sentensi ile, na sasa ameitoa mbele ya watu na mitambo. Lakini Melkizedeki, mwenzake wa mti wa mbele siku zote, hata siku ile ya kalavati, alisema kwa sauti ya chini, bila kumwangalia:

"Gervas alipiga simu, Zefa. Aliyesema tuweke ni wewe. Mimi nilitaka twende."

Hakusema kwa ubaya, alisema kama anayemtoa mwenzake mwiba. Zefania alihisi mti ukizama begani. Ilikuwa kweli. Melkizedeki alikuwa amesema bado kidogo, lami siyo mbali, tujikaze. Na yeye Zefania, aliyeijua sheria kuliko wote, alisikia sauti ya ofisi kwenye simu, akaona ofisi haiwezi kusema hivihivi. Akasema, tuwekeni.

"Haya, tunajaribu mara ya mwisho," Benson alisema. "Mzee wangu, tafadhali. Penye jiwe."

Wakarudi nyuma hatua arobaini. Kamera ikawashwa. Wakaja, hatua moja moja, vumbi likiwapanda miguuni, Fabiano akiguna vizuri kama mtu mwenye maumivu. Jiwe jeupe likafika. Zefania akalipita.

Melkizedeki alisita nusu hatua, kisha akaendelea, na wale wawili wa nyuma wakafuata, maana machela huenda inakokwenda mbele yake. Njia ikaanza kuinuka. Nyuma yao Benson aliita "Kata," akaita tena, akamwambia mshika kamera jambo ambalo Zefania hakulisikia. Pumzi yake ilikuwa imemjaa masikioni. Mawe yalimtoka chini ya kandambili. Miaka sitini na minne, na mlima haujui miaka.

"Mzee," Fabiano alisema huko juu, na haikuwa tena sauti ya Mtemi. "Nishuke?"

"Lala."

"Mimi ni mzito, mzee. Nina miguu."

"Lala, mwanangu."

Fabiano akalala. Wakapanda. Melkizedeki alianza kutweta, akatukana mlima kwa Kigogo, akamtukana mama wa mlima, na mmoja wa wale wafugaji akacheka mpaka akakanyaga vibaya, kamba zikalia, Fabiano akazishika kwa mikono miwili. Mkuki wa maigizo ukaanguka ukabingirika kwenye nyasi. Hakuna aliyerudi kuuokota. Zefania aliona mbele yake bonge la mwamba, na juu ya mwamba anga. Alijua kule juu hakuna zahanati, hakuna lami, wala mlango wowote wa kumshushia mtu. Hata hivyo mguu ulitangulia, na mwingine ukaufuata.

Walipofika kileleni walisimama, machela mabegani, wanne wamelowa jasho, hakuna aliyejua la kufanya. Chini, wapiga sinema walikuwa wadogo kama mbegu. Mtu mmoja alikuwa akiwapungia, au akiwafukuza, haikujulikana.

Shingo ya Zefania ilikuwa haigeuki, mti umeikaba.

"We Fabiano," aliuliza swali ambalo hakuwahi kumuuliza Asnath, "ukilala hapo unaona nini?"

Kijana alitazama kweli, kana kwamba hajawahi kuulizwa swali lenye maana tangu aje.

"Mawingu, mzee," alisema. "Mawingu tu. Na kisogo chako."

Upepo ulipita juu ya mwamba. Melkizedeki alisogeza bega chini ya mti, akalikaza. Zefania alisimama hivyo muda mrefu, macho mbele, akiinyoosha shingo polepole, kama mtu anayejua kwamba anatazamwa.