Mafuta ya Manowari Tatu

Fundi redio huyu ninayemsema alikuwa na shemeji, kaka wa mkewe, na hao wawili walikuwa wakibishana juu ya vita vya majini tangu ndevu zao zikiwa nyeusi.

Vita vyenyewe vya kompyuta, mwenzangu. Zamani walifanya kazi ofisi moja, fundi akitengeneza mashine, shemeji akishika bohari, na jioni walibaki kucheza. Picha hakuna, maneno matupu. Unaandika "geuka mashariki", unaandika "piga", kompyuta inakwambia umepata meli au umepiga samaki. Sasa siku moja fundi kabakiwa na manowari tatu, shemeji mbili, umeme ukakatika. Uliporudi ulirudi kwa fujo, ukaichoma mashine. Tangu hapo, iwe harusini iwe msibani:

"Ningekumaliza siku ile."

"Wewe? Ulikuwa hoi."

Meli zilikaa wapi walikubaliana, maana walizitaja mpaka watoto wamezikariri. Nani angeshinda, hapo ndipo pagumu.

Fundi akaapa kukata shauri: vita viendelee pale umeme ulipovikatia. Mchezo alikuwa nao kwenye makaratasi, amri zake zote zimeandikwa mstari kwa mstari, na alikuwa na kakompyuta kakuukuu, kale ka kuchomekwa kwenye televisheni na kusoma kaseti. Kenyewe hakaelewi amri za ile mashine kubwa, kwa hiyo kila mstari ilibidi auandike upya. Akaandika, akafuta, akaandika. Mwisho kakagoma: kumbukumbu imejaa.

Akatoa kwenye mchezo ukungu wa baharini. Akatoa saluti za mabaharia. Bado. Kikabaki kipande kimoja rahisi kung'oa, hesabu ya mafuta. Fundi akatabasamu, maana siku ile meli zake zilikuwa karibu zikaukiwe mafuta, na kila mchezaji aliona mafuta yake tu. Akaking'oa. Mchezo ukaenda kama maji. Akacheza pande zote mbili, akashinda. Akarudia, akashinda.

"Umemshinda kaka yangu?" mkewe akauliza.

"Nimemshinda."

"Mbona umekaa kama umefiwa?"

Akamweleza. Mama wa watu akacheka kwanza, halafu akasema, "Hapo umeishinda televisheni."

Maneno yalimwingia. Akarudisha mafuta, akaanza kutafuta nafasi kwingine. "Manowari yako imepigwa ubavuni" akaifanya "Umepigwa". "Meli yako imeishiwa mafuta" ikawa "Kavu". Alibana maneno kama mtu anayefunga sanduku kwa kulikalia, lakini aliapa hatoi mafuta tena, na hakutoa. Mwisho ule mchezo ukaingia.

Shemeji akaja, akajitupa kitini. "Leo utalia, bwana shemeji."

"Ngoja kwanza. Mafuta." Fundi akaandika huku mwenzake akitazama: kila meli yake, pipa moja.

Shemeji akakodoa macho. "Pipa moja? Na kelele zote hizo miaka yote?"

"Ndiyo ukweli. Wewe ulikuwa na mangapi?"

Sasa hapo angeweza kusema hamsini, nani angembishia. Akajikuna kidevu, akakohoa.

"Niandikie nusu pipa."

"Nusu?"

"Andika, bwana, usinitazame hivyo."

Wakaanza. Fundi akazisukuma zake tatu mbele, shemeji naye akazitoa mbili zake visiwani. Kioo kikaandika: Kavu. Kavu. Hizo za shemeji. Fundi akapiga vigelegele kama bibi harusi kapita, akasogea tena, na tena. Kavu. Kavu. Kavu. Meli tano zimekaa katikati ya bahari zinatazamana, na hakuna mzinga hata mmoja unaoifikia meli ya mwenzake.



"Lakini mimi," shemeji akasema, "nimeishiwa nikija mbele."

"Mbele wapi?" Fundi akavuta kiti karibu na kioo. "Ulikuwa unakimbia wewe. Njoo nikuonyeshe."