Tairi Zilizoachwa kwa Dedan

Tairi ya nyuma si ya mwendeshaji, ni ya anayebebwa. Uzito wake wote uko hapo. Ndiyo maana Lynn, binti yangu, pikipiki ilipotuyumbisha kwenye mteremko karibu na uwanja wa Ruring'u, alishuka, akavua helmeti, akanirudishia.

"Baba, na hiyo kipara sipandi tena. Afadhali nitembee mpaka shule."

Kipara kweli. Kashata zote, zile njia zinazoshika barabara mvua ikinyesha, zilikuwa zimekwisha.

Maduka ya tairi ni mengi Nyeri, lakini ningeenda kwa nani kama si kwa Dedan? Askari wa kaunti walipotukamata kwa kukataa kuhamishwa steji yetu ya bodaboda, tulilala seli moja, chini ya blanketi moja. Waliotuahidi wakili walizima simu. Hao sijawasahau, hata mmoja. Majina yao nayataja mpaka leo. Kwa hivyo Dedan alipofungua duka, nilipanda juu ya kreti ya soda pale steji nikawaambia wenzangu: tairi ni kwa Dedan, asiyetaka atafute mwenyekiti mwingine. Wakaenda. Za zamani walimwachia, maana alisema anampa mtu wa kushona akala, vile viatu vya mpira. Yangu pia nilimwachia, tukacheka kwamba kuna mkulima wa chai kule Kangari atakayeivaa shambani.

"Mwenyekiti! Leo umetukumbuka," Dedan alisema, akafungua gurudumu yeye mwenyewe. "Hii umeitembeza mpaka imeona aibu. Keti, nikuletee mpya."

Alileta tairi iliyofungwa kwa nailoni, nyeusi, inang'aa. Simu yake ikalia, akatoka nje kuongea. Nikachana nailoni. Ikanuka rangi ya viatu. Nikapitisha kidole ndani ya kashata: kingo zilikuwa kali, nyingine pana nyingine nyembamba, kama zilizochongwa kwa kisu cha moto. Nikasugua ubavu kwa kiganja, rangi ikatoka, na chini yake nikaona msalaba ndani ya duara.

Steji yetu kila mtu huchoma alama yake kwenye tairi kwa msumari wa moto, kwa sababu ya wezi. Mimi ni nukta tatu. Msalaba ndani ya duara ni wa Wamae, aliyeiacha hapa ikiwa kipara.

Dedan aliporudi, aliuangalia mkono wangu mweusi.

"Ah! Pole, ndugu. Nimekosea kuchukua. Hiyo si yako."

"Najua si yangu. Ni ya Wamae."

"Namaanisha haikuwa ya kukupa wewe." Akashusha sauti. "Yako iko ndani, ya kampuni, haijaguswa. Lini nimewahi kukuwekea mbaya? Niko na roho gani ya kukufanyia hivyo?"

"Na hao wengine?"

"Hao wengine hulilia bei rahisi. Ati nifanye nini? Chukua yako, usilipe. Fikiria Lynn."

Angenitukana ningemsamehe. Kumtaja mtoto wangu, hapana. Na bado nilimfikiria Lynn. Nje mvua ilikuwa imeanza tena, na tairi ya kweli ilikuwa chumba cha pili tu. Kisha nikamfikiria Theuri, mwenzetu aliyeteleza na kuvunjika paja. Tulimchangia. Dedan alitoa mchango wake mbele ya watu wote, na mimi ndiye niliyeongoza makofi.

"Rudisha kipara yangu," nikasema.

"Mwenyekiti, usiwe mtoto."

"Rudisha. Na hii ya Wamae naenda nayo."

"Ukiwaonyesha, watauliza nani aliwatuma hapa."

"Waulize!"

Niliisukuma pikipiki kwa miguu, tairi ya Wamae begani, hadi nyumbani kwa Theuri. Alikuwa ameketi mlangoni, gongo lake pembeni.

"Mwenyekiti ameishiwa na mafuta!" akacheka. "Ama umeanza kuuza akala?"

Nikamwambia niliyoyaona. Kicheko kikakatika. Akaelekeza gongo nyuma ya nyumba, mahali pikipiki yake ilipofunikwa na turubai tangu siku ya ajali.

"Mimi niliwaambia tairi ilinitupa," alisema. "Mkasema naendesha kama mlevi."

Nikavuta turubai, nikaloweka kitambaa kwa petroli, nikapiga magoti, nikasugua ubavu wa tairi ya nyuma. Rangi ya viatu ikatoka. Theuri alikuwa ameinama juu ya bega langu, nikimsikia anavyopumua. Hakuuliza alama ni ya nani. Steji nzima inazijua nukta tatu.

Kisha akanigusa mgongoni kwa ncha ya gongo, polepole.

"Kesho kreti ya soda nitakushikia mimi," akasema. "Panda, uwaambie."