Nionjee, Dada

Tangu apunguzwe tumbo, Ghanima alikuwa anakula vijiko vitatu vya wali, na nyumba nzima inamsifu kama mtoto aliyejifunza kwenda chooni mwenyewe. Vijiko vitatu na kipande cha kuku kisichozidi kidole gumba, basi. Cha nne kilikuwa kinakwama. Kilisimama pale chini ya koo, hakipandi hakishuki, mate yanamjaa mdomoni, naye anainuka mbio kwenda kutapika.

"Umeshiba tayari, wifi?" Anfal, mke wa mdogo wake, alimuuliza kila Ijumaa walipolizunguka sinia. "Haki ya Mungu, paka wa uani anakushinda."

"Nimeshiba. Alhamdulillahi."

Na kweli alikuwa ameshiba. Hilo ndilo lililokuja kumtesa baadaye, kwamba mbele ya sinia hakuwahi kusema uongo hata siku moja.

Wala hakukatwa tumbo kwa urembo. Kuwait ile wanawake wangapi wamekatwa? Nenda arusi yoyote utawakuta wamejazana kona moja wanalinganisha madaktari wao kama wanavyolinganisha mafundi cherehani. Ghanima hakuwa wa kundi hilo. Alikuwa na miaka arobaini na minne, ameachika zamani, amerudi nyumba ya marehemu baba yao anaishi na mdogo wake na mkewe, ana kilo mia moja ishirini na nne na wala hazikuwa zinamnyima usingizi. Kisha figo za Barrak, mdogo wake huyo, zikafa, zote mbili. Akawa mtu wa mashine, Jumapili, Jumanne na Alhamisi, kwa muda wa saa nne kila mara, damu inatoka, inasafishwa, inarudi.

Wakapimwa ndugu. Damu ya Anfal haikupatana na ya mumewe. Binamu wawili wana kisukari, wa tatu alisafiri ghafla, na anajua mwenyewe kwa nini. Akabaki Ghanima, na vipimo vyake vikapatana na vya Barrak mpaka daktari akatabasamu. Halafu akautazama mwili wake na tabasamu likapungua.

"Figo lako tunalitaka, dada. Lakini kwa uzito huu sikupandishi kitandani, na sukari yako iko mlangoni. Shuka mpaka kilo themanini na tano, uje."

Basi akakatwa tumbo. Na alishuka! Mia na kumi, tisini na nane, mwezi wa tisa akafika themanini na tisa. Anfal siku ile alimbusu mikono yote miwili.

"Kilo nne tu, wifi! Kilo nne si kitu, hizo ni viatu na buibui!"

Kilo nne hizo hazikushuka.

Ubaya ulianzia kwa wageni, na wageni hawakuwa na ubaya wowote. Mgonjwa hatembelewi mikono mitupu. Walikuja shangazi, majirani, wenzake Barrak wa kazini, kila mmoja na trei ya chokoleti zilizofungwa karatasi za fedha na utepe juu. Wengine walileta tende zilizojazwa lozi. Vyote hivyo Barrak alikuwa amekatazwa, chokoleti, tende, korosho, ndizi, hata maji alipimiwa kwa kikombe. Lakini nani atamwambia shangazi arudi na trei yake? Zikapangwa sebuleni, moja juu ya nyingine, mgonjwa anazitazama.

Jioni moja ametoka kwenye mashine, uso umemparara, ameketi na blanketi magotini. Anfal yuko juu anawasomesha watoto. Barrak akanyoosha mkono, akachukua chokoleti moja, akaigeuzageuza, kisha akampa dada yake.

"Nionjee, dada."

Ghanima akacheka mpaka machozi yakamtoka. Miaka thelathini na mitano hakuwa amelisikia neno hilo! Barrak wa utotoni alikuwa mtoto wa homa, leo tumbo, kesho koo, kila kitu kitamu amekatazwa. Basi alikuwa anamwita dada yake kitandani, anampa pipi zake, anamwambia nionjee, na Ghanima anakula huku anamsimulia, na mtoto amefumba macho anameza mate. Mama yao alikuwa na mzaha wake: "Nyumba hii Barrak akiugua, Ghanima ananenepa."

Akaimenya ile chokoleti, akaila.

"Haya. Juu ni laini. Ndani kuna lozi, imekaangwa."

"Iliki?"

"Ngoja... ipo. Inakuja mwishoni."

Barrak alikuwa amefumba macho, na midomo yake inatafuna hewa. Alipoyafumbua alikuwa na rangi usoni. Akaanza kusema habari za mashine, za mzee Shuwaib wa kiti cha pili anayesubiri figo la mwanawe na kutukana manesi wote kwa majina. Akacheka. Mtu aliyekuwa hajacheka miezi minne alicheka, na Ghanima akaona amempa kitu kabla hata ya kumpa figo.

Kesho yake moja. Kesho kutwa mbili. Mwezi ulipokwisha zilikuwa saba au nane kila jioni, na tende juu yake.

Na hazikukwama! Wali ulikwama, kuku alikwama, yai la kuchemsha lilimtoa jasho. Chokoleti iliteremka. Bibi Fatin, Mmisri wa lishe pale kliniki, alikuwa amemwambia mapema kabisa: "Tumbo dogo halikulindi na kinachoyeyuka, mama. Kinateleza, kinapita, na mwili unakichukua chote. Kila kinachoingia mdomoni, kiandike." Akampa daftari. Ghanima alikuwa mwaminifu kwa daftari lile. Asubuhi, nusu kikombe cha mtindi. Mchana, vijiko vitatu. Usiku, supu. Zile za jioni hakuziandika, na si kwamba alikuwa anazificha. Zilikuwa za Barrak. Utaandikaje chakula cha mtu mwingine katika daftari lako?

Haba na haba hujaza kibaba. Ulimi ukishazoea kuonja hauulizi tena unamwonjea nani. Akaanza kupita sebuleni mchana, mkono unaingia kwenye trei wenyewe. Akala amesimama jikoni, akala ghalani, akala garini akimsubiri Barrak. Kliniki akapima tisini na moja. Mara ya pili tisini na nne.

"Unakula nini, mama?" Bibi Fatin alimuuliza.

"Vijiko vitatu," akajibu, na daftari likashuhudia.

Daktari akampa nafasi ya mwisho. Wiki tano. Akishuka walau kidogo, wataendelea naye. Akipanda, basi.

Wiki mbili zikapita. Anfal akakusanya nguo za kufua, akatia mkono mfukoni mwa buibui la wifi yake, akatoa karatasi za fedha. Akatia tena, zikatoka nyingine. Alishuka nazo ngazi viganja vimejaa, akazimwaga kwenye zulia mbele ya Ghanima, na Barrak yuko pale pale kwenye kiti chake.

"Hizi ni nini?"

Ghanima akaanza kuzikusanya.

"Nakuuliza wewe, mla vijiko vitatu! Hizi ni nini? Mimi nawanyima wanangu peremende ili zisionekane machoni pako! Mimi kila nikiswali naomba ushuke kilo, kilo tu, watu wanaomba pepo! Kumbe wewe umekaa unalila figo la mume wangu! Unalitafuna, wifi! Moja moja, na karatasi unaweka mfukoni!"

"Anfal..."

"Usiniite! Kama hutaki kumpa sema hutaki, Mungu anakuona. Lakini usinifanye mimi mjinga."

Ghanima akamtazama mdogo wake. Neno lake moja tu lilikuwa linatosha. Aseme tu: ni mimi niliyemwambia, Anfal. Barrak akalivuta blanketi mpaka kifuani, akatazama dirishani kama mtu anayesubiri gari.

Ghanima akameza aibu ile peke yake. Hiyo nayo haikukwama.

Lakini aliacha, jamani, na asidhulumiwe hapo. Siku tisa hakuonja kitu. Trei zote Anfal alizigawa kwa majirani, na Ghanima akarudi kwenye mtindi na supu. Kichwa kiliuma, mikono ilitetemeka, kilo moja na nusu zikatoka. Siku ya tisa alipanda mizani ya chumbani kwake mara tatu kwa furaha. Alianza kuamini.

Tatizo lilikuwa jioni. Barrak aliacha kusema. Akitoka kwenye mashine alikaa kwenye kiti anatazama ukuta, Ghanima akimletea habari anajibu mhm. Siku ya kumi mashine ilimwangusha, presha ilishuka mpaka wakamlaza miguu juu. Alirudi nyumbani midomo myeupe. Anfal alipopanda kwa watoto, Barrak akaingiza mkono chini ya mto wa kiti akatoa chokoleti moja, imebonyea. Alikuwa ameificha tangu siku ile.

"Moja tu, dada. Leo nilidhani nakufa. Nionjee moja tu."

"Barrak, usinifanyie hivi."

"Moja haina uzito."

Angemwambiaje hapana? Mtu amerudi kutoka kufa mchana ule ule, anaomba asimuliwe ladha. Akaila. Akamsimulia. Barrak akalia kidogo, kisha akatabasamu. Na kesho yake Ghanima akaenda mwenyewe dukani, akanunua kilo nzima, akaficha ghalani nyuma ya magunia ya mchele.

Siku ya mizani ilikuwa Jumanne. Barrak yuko chini kwenye ukumbi wa mashine, Ghanima na Anfal wakapanda ghorofa ya tatu. Anfal alimvua wifi yake viatu kwa mikono yake mwenyewe, akamvua bangili, akamvua hata saa.

Tisini na saba.

Daktari hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aligeuza karatasi ya damu, akaisoma mara mbili.

"Uzito ningeweza kukuongezea muda. Lakini sukari imeingia, dada Ghanima. Si mlangoni tena, iko ndani. Mwenye kisukari hatoi figo. Si leo, si mwakani. Nalifunga faili."

"Nikishuka..."

"Hata ukishuka."

Anfal hakumtukana tena. Alikaa kwenye kiti cha korido, akaegemeza kichwa ukutani, akalia kwa sauti ya chini, kama anavyolia mtu ambaye msiba ameshauona unakuja. Ghanima alisimama mbele yake ameshika viatu vyake mkononi. Alitaka kusema nisamehe, akaona neno lenyewe ni dogo, litamtukana zaidi.

"Shuka ukamwambie wewe," Anfal akasema. "Mimi siwezi. Nitakuja."

Ukumbini kulikuwa na kelele za furaha. Kiti cha pili kilikuwa kitupu. Wana wa mzee Shuwaib, wanaume wazima wenye ndevu, walikuwa wanazunguka na trei kubwa, mmoja anapaza sauti: "Kuleni! Figo limeshika, baba amekojoa! Tangu alfajiri anakojoa, hata hakojoi, anamwaga!" Manesi wanacheka, mwanamke mmoja akapiga vigelegele, na wagonjwa viti vyote wanapiga makofi mapajani kwa mkono mmoja, ule usio na mrija. Huko nje ungeshangaa watu kushangilia mkojo. Barrak alikuwa hajakojoa miaka miwili.

Wakamwekea Ghanima chokoleti mbili kiganjani. Za heri hazikataliwi.

Akakaa kando ya mdogo wake. Hakuhitaji kusema. Barrak aliviona viatu ambavyo dada yake bado alikuwa amevishika.

"Wamelifunga?"

"Wamelifunga. Sukari."

Mashine ikaendelea kuzungusha damu. Barrak akaitazama.

"Ni mimi," akasema. "Siku ile Anfal anakutukana nilijua. Nilijua nikisema ni mimi, utaacha kweli. Na mimi sikutaka uache. Sijui, dada. Figo lilikuwa mbali. Chokoleti ilikuwa jioni ile ile."

"Mdomo ni wangu, Barrak."

"Wengine wangapi wamepimwa?"

"Hakuna mwingine, mdogo wangu. Unajua hakuna."

Akatikisa kichwa kukubali. Trei ya akina Shuwaib ilikuwa imefika kiti cha mwisho. Barrak akaigeuza shingo, akatazama kiganja cha dada yake, kisha akafumba macho.

"Nionjee."

Ghanima akachukua moja kati ya zile mbili. Alijua ni mzaha mbaya kuliko yote ambayo Mungu amewahi kuiona. Akaimenya karatasi ya fedha, akaiweka chokoleti mdomoni.

"Juu ni laini," akasema. "Ndani kuna... korosho. Na zafarani."

"Tamu?"

"Tamu, baba. Tamu sana."

Midomo ya Barrak ikatafuna hewa, polepole, mpaka mwisho. Ghanima akainua macho. Anfal alikuwa amesimama mlangoni, na mkoba kifuani, anamtazama mumewe. Anamtazama yeye, si wifi yake. Aliitazama midomo ile inayotafuna kitu kisichokuwemo, na Ghanima akaona usoni mwake anavyoelewa.

Alitaka kuitema. Lakini ilikuwa imeshateremka.