Mauti Yenye Mkia

Siku ile mpumbavu alikuwa Oduor, na mwenyewe hakatai. Wengine pale mtaani Pandpieri walipumbaa nusunusu, kisha wakajifanya hawakuwapo. Oduor alipumbaa mzima mzima, mchana kweupe, ameshika panya mkiani.

Ulikuwa mwaka wa vita, na tauni imeingia Kisumu. Mtu aliamka na homa, kesho yake mtoki umevimba kinenani kama yai, keshokutwa anachimbiwa. Bwana afya alipita akiagiza: ukiona panya amekufa usimguse, toa ripoti, hama. Lakini nyumba iliyoripotiwa ilichomwa, na ya Oduor ilikuwa imeezekwa juzi tu.

Nabii Wakhisi, aliyetoka Port Victoria na kanzu nyeupe na chupa ya maji, alikuwa na neno tamu zaidi. Alinyunyiza pembe zote nne za nyumba ya Oduor, akasema, "Mauti itatoka humu, nanyi mtaiona mkia wake."

Asubuhi ya tatu wakakutwa panya wanne nyuma ya mtungi, wamekufa.

Oduor aliita majirani kabla hata ya kunawa uso. Mkewe, Awuor, alikuwa mlangoni na Perez, binti yao wa miaka sita, furushi limeshafungwa.

"Baba Perez, twende Dunga kwa mama. Siku chache tu."

"Tuhame siku ambayo mauti imehama? Unampisha nani?"

Watu wakacheka. Hakucheka Surinder, fundi seremala ambaye Oduor alimpigia randa.

"Oduor, kwetu Punjab panya wakifa hivi watu hawapigi makofi. Wanahama."

"Fundi, panya wa kwenu hawajaombewa."

Wakacheka tena, na Oduor akajiona bingwa wa maneno. Akawabeba panya kwenda kuwatupa shimoni. Perez alililia zamu, naye akampa panya yule mdogo, ambebe mwenyewe. Mtoto alimpakata njia nzima kama mwanasesere.

Siku ya nne homa ikamshika. Ya sita akawa hawezi kubana miguu kwa ule uvimbe. Ya saba watu wa bwana afya walimfunga shuka, wakamzika kwa chokaa wao wenyewe. Hapakuwa na matanga, wala wazazi hawakupewa hata konzi ya udongo wamtupie. Nyumba ikachomwa, pamoja na nyasi zake mpya za paa.

Wakawekwa karantini, kwenye hema lililozungushiwa kamba kando ya ziwa. Awuor akawa hasemi. Alipika, akampakulia mumewe, akageukia ziwani. Hivyo siku tisa.

Siku ya kumi Nabii alikuja na chupa yake, akasimama nje ya kamba.

"Nilisema itatoka, ikatoka," alisema. "Aliyeirudisha ni huyu. Imani yake ilipungua."

Oduor aliinamisha kichwa. Alikuwa tayari kubeba hata hilo, ilmradi apate jambo la kutubia.

"Labda, Nabii. Yule Fundi aliposema habari za kwao, nilitetereka. Kidogo."

"Umeona? Kidogo hicho ndicho kilichomuua mtoto."

Awuor akageuka kutoka ziwani.

"Haikupungua," alisema. "Ingepungua hata hicho kidogo, Perez angekuwa Dunga."